Sifa za Kuagana

Mwoka keki wa mtaa wa pili hakuhitaji tena maelezo. Karani wa shule akipiga simu tu, anajibiwa, "Ile ya 'Kwaheri Mwalimu'? Nani tena safari hii?" Mwaka huo zilikuwa zimeshaliwa keki nne, na muhula wa pili haujaisha.

Mwenye shule, ambaye kila mtu alimwita Mama Kengele kwa kuwa hakumwamini mwingine yeyote kuipiga kengele, hakuona ubaya wa keki. Alijivunia kuaga vizuri. Katika shule yake ya msingi, ya binafsi, yenye madarasa saba na uwanja unaofagiliwa mara mbili kwa siku, hakuna mwalimu aliyeondoka kimyakimya kama mwizi. Kila aliyeondoka aliandikiwa hotuba, akakatiwa keki, akasifiwa mpaka machozi yakamtoka. Na Mama Kengele alijua kusifu. Shida ni kwamba sifa aliziweka akiba mpaka siku ya kuagana. Siku nyingine zote alisema kilichopinda, maana kilichonyooka, kwa maoni yake, hakina haja ya kusemwa.

Walimu walikuwa na msemo wao: "Ukitaka kusifiwa hapa, acha kazi."

Jumatatu hiyo barua iliyokuwa mezani ilikuwa ya Mwalimu Taratibu, wa darasa la kwanza. Mistari mitatu, mwandiko wa mviringo kama wa ubaoni. Ataacha kazi mwisho wa muhula. Anashukuru kwa yote.

Mama Kengele aliisoma amesimama, kisha akaisoma amekaa. Miaka tisa mwanamke huyo alikuwa akipokea watoto wanaolia na kung'ang'ania sketi za mama zao, akawatoa wakisoma mabango ya barabarani. Wazazi wakija kuandikisha mtoto waliuliza jambo moja tu: "Yule wa taratibu bado yupo?"

"Kapata shule gani?" akauliza.

Karani alikuwa binti yake wa kumzaa, na midomo yao ilitoka kiwanda kimoja. "Hajapata popote. Anasema anakwenda kupumzika kwanza."

"Mtu haachi kazi ili apumzike."

"Akichoka anaacha, Mama."

"Achoke na nini? Chaki zipo, vitabu vipo, paa halivuji."

"Mimi ni karani tu. Kamuulize mwenyewe."

Hakwenda. Alifanya alichokizoea: akavuta karatasi, akaanza hotuba ya kuaga. Ilimtiririka kama maji. Akaandika jinsi Mwalimu Taratibu anavyomfichia mtoto kokoto chini ya vidole viwili vya mwisho ili mkono uzoee kushika penseli. Akaandika mwaka wa surua, alipowapelekea watoto madaftari nyumba kwa nyumba. Akaandika kwamba hakuna mtoto aliyepita kwake asiyejua kufunga kamba za viatu vyake.

Binti yake alikuwa akisoma juu ya bega. "Hili la kamba, Mama, si ndilo ulilomsemea mstarini?"

"Lini?"

"Wiki iliyopita. Darasa lake lilifika la mwisho. Ukasema mbele ya shule nzima, 'Darasa la kwanza ni mkia kila siku, na mkia hufuata kichwa. Mwalimu, amka mapema.' Watoto wakacheka. Sasa darasa la sita wanamwita Mwalimu Mkia."

"Ulikuwa utani."

"Utani una mtani wake. Huyu ni mwajiriwa wako, angekujibu nini? Na wanachelewa kwa ajili ya hizo kamba. Anawangoja wafunge wenyewe, viatu sitini na nane."

Mama Kengele aliweka kalamu chini. Akawakumbuka wale wanne wa keki, na kila mmoja alimkumbuka akiwa mstarini, mbele ya watoto, akitazama chini. Yule wa michezo, kwa sababu ya shati. Yule wa hesabu, kwa sababu ya madaftari yasiyosahihishwa. Alikuwa amewaaga vizuri sana.

Watoto walipokwenda nyumbani alivuka uwanja na karatasi yake. Mwalimu Taratibu alikuwa amepiga magoti, anaokota penseli chini ya madawati. Mama Kengele akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kifuani.

"Nimekuandikia hotuba."

"Bado wiki tano, Mama."

"Sitaki ingoje keki."

Akaisoma yote, harakaharaka, kama anayesoma tangazo la maji kukatika. Alipomaliza, mwalimu alikuwa bado kashika penseli zake.

"Haya yote ulikuwa unayaona?"

"Nina macho."

"Na mdomo unao. Tena mkubwa."

Wakacheka wote wawili, ingawa Mama Kengele alichelewa kidogo.

"Maneno ni matamu, sikatai," mwalimu akasema. "Lakini umenisifu tuko wawili, na ulinidhalilisha tuko mia tatu. Nikikosea, niite ofisini, funga mlango, niseme mpaka utosheke. Si mbele ya watoto ninaowafundisha heshima."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Ila kwako ni zito."

"Ni zito," Mama Kengele akakubali. "Barua yako niifanyeje?"

"Ikae mezani. Tuone kesho."

Kesho yake madarasa sita yalikuwa yamejipanga na la kwanza bado liko barazani, migongo imeinama, vidole vinahangaika. Mwalimu wao kasimama pembeni, mikono nyuma, hamsaidii mtu. Kwa kawaida hapo ndipo kengele ya pili hulia, na baada yake Mama Kengele mwenyewe. Asubuhi hiyo aliikamata kengele kwa ndani, kwa vidole viwili, isilie.

Katika mstari wa darasa la sita mtu akanong'ona, "Mkia."

"Nimesikia," akasema Mama Kengele. "Neno hilo ni langu, na nilikosea kulisema. Namwomba radhi mwalimu, hapahapa nilipomsemea. Nyinyi darasa la sita, nani alifundishwa na yeye kufunga viatu?"

Mikono ikapanda, mmoja mmoja, hadi ikabaki michache tu chini.

"Basi tulieni tuwangoje wenzenu."

Wakangoja. Ilichukua muda mrefu kuliko alivyodhani, na ulimi ulimwasha wakati wote.

Saa ya mapumziko Mwalimu Taratibu aliingia ofisini, akachukua barua yake. Darasa la kwanza hawatupi karatasi iliyoandikwa upande mmoja. Kufikia mchana upande wa pili wa barua ile ulikuwa na picha ya kiatu chekundu chenye kamba ndefu kama nyoka, imebandikwa ukutani karibu na mlango.

Mama Kengele alipita, akaiona. Akafungua mdomo, akawaona watoto, akaufunga.

"Mwalimu, nakuomba ofisini mara moja."

Wakaenda. Akafunga mlango.

"Ile picha umeibandika kombo."

"Nimeona," mwalimu akasema. "Kaibandika mchoraji mwenyewe. Itakaa hivyohivyo."

"Haya," akasema Mama Kengele, akamfungulia mlango.