Iveta na Panya wa Snezhana

“Shangazi Genka, nani alikutuma kwa Iveta?” Snezhana aliniuliza, huku hoho ya moto ikimchuruzikia mkononi na yeye hana habari.

Nikamwambia kama ingekuwa siri asingeisimulia uani, mbele ya nusu ya jengo, siku ya kwanza ya kuchoma hoho za akiba ya majira ya baridi. Snezhana anahudumia panya kwenye maabara moja hapa Plovdiv. Jumapili iliyopita alitueleza kwamba vitoto vya panya vilipewa dawa ya kifafa katika siku zao za kwanza, ubongo ungali unajengwa. Vilipokua, vikawa vinazungukazunguka kwenye beseni la maji, havikumbuki pa kupandia vitoke majini, na wenzao wasiopewa dawa walishapakariri zamani. Mimi nikaipeleka habari kwa Iveta, ghorofa ya chini, ikiwa bado ya moto. Iveta ana kifafa, anameza dawa hiyohiyo, na ana mimba ya miezi minne.

“Basi hajameza tangu juzi,” alisema Snezhana.

Iveta mwenyewe alikuwa ameketi ngazini, kakumbatia tumbo. “Bora nianguke mimi, mwanangu apone.”

“Na ukianguka wewe, yeye anaangukia wapi?” Snezhana akamuuliza.

Akaketi kando yake, akamweleza kwamba wale panya walikuwa wazima, hakuna hata mmoja mwenye kifafa. Walipewa dawa ili ionekane yenyewe inafanya nini. Mama anayeanguka ni jambo jingine kabisa. Maneno hayo aliyasema hata Jumapili, ila mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni kwa Iveta.

“Kwa hiyo dawa haina neno?” Iveta akauliza.

Snezhana hakuapa. “Zipo zenye madhara. Yako sijui. Daktari ndiye wa kusema, hata kukubadilishia. Si mimi, wala Shangazi.”

Wakampigia simu. Daktari alimgombeza kidogo, akamwagiza ameze dozi yake sasa hivi na kesho asubuhi awe kliniki. Iveta akasema vidonge vinamchoma tumbo likiwa tupu, naye tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni. Snezhana akabeba sinia la hoho zilizomenywa, na jibini juu yake, wakaelekea kwa Iveta. Mimi nikabaki na koleo langu, nikijifanya nageuza zilizobaki.

Iveta akageuka mlangoni.

“Shangazi, nawe ingia ule. Mdomo ukijaa tutapumzika kidogo.”