Wino kwenye Kidole Gumba

Wifi yangu alipokaa kwenye kiti cha daktari wa meno nilimwambia afurahi, maana tangu aolewe na kaka yangu hakuna mtu aliyewahi kumwomba afungue mdomo.

"Ngoja nitoke hapa na jino moja pungufu," akajibu. "Yaliyobaki yanakutosha."

Daktari akacheka, akamchoma sindano ya ganzi. "Dada, niletee koleo."

Nikaenda chumba cha nyuma, ujana wangu unakoishia: karai la maji ya dawa, brashi, na rundo la vyuma vilivyotoka vinywani mwa watu. Nimeshafanya kazi chafu kuliko hii. Nimefua mashuka ya wagonjwa wa kuhara, nimezibua vyoo vya soko huku nikipiga mluzi. Mimi si wa kukinai ovyo.

Kazi yangu ni kuosha vifaa na kuvifunga kwenye mifuko ya karatasi. Msimamizi anaviingiza kwenye mashine ya mvuke. Kila mfuko una utepe wenye mistari myeupe. Mvuke ukipanda moto wa kuua vijidudu, mistari inageuka myeusi. Yeye anatia sahihi daftarini kwamba amechemsha, mimi natia yangu kwamba nimehakiki. Bila sahihi mbili, kifaa hakigusi ufizi wa mtu.

Msimamizi tulimwita Utaratibu, kwa jinsi neno hilo lisivyokauka mdomoni mwake. Shati limenyooka, kalamu tatu mfukoni. Aliwahi kunifokea mbele ya wagonjwa kwa sababu ya taulo nililolitundika kombo.

Nikachukua mfuko wa koleo kwa mkono uliolowa. Kuangalia, kidole gumba changu cheusi.

Nikausugua utepe. Weusi ukafutika, chini yake mistari myeupe pe. Ulikuwa wino.

Mashine ile tuliipa jina la Shangazi, kwa kufoka kwake. Ndipo nikajiuliza mara ya mwisho nilimsikia Shangazi akifoka lini. Nikafungua mlango wake. Baridi. Ndani mlikuwa na sweta lililokunjwa vizuri na kandambili za Utaratibu.

Nikachana mfuko. Kwenye maungio ya koleo, pale brashi yangu isipofika, paliganda kitu cha rangi ya kutu. Haikuwa kutu. Nikalishika kwa ncha za vidole.

"Mashine iliungua," Utaratibu akasema nyuma yangu, bila hata haya. "Barua niliandika. Nasubiri majibu."

"Tangu lini?"

"Hii wiki ya saba."

"Na ukakaa hapa unapaka rangi kama mtoto wa chekechea?"

"Bila utepe mweusi kliniki inafungwa, dada. Nani amelalamika mpaka leo?" Akafungua daftari, akapitisha kucha yake safi chini ya jina langu. "Wewe si ndiye mhakiki? Hii jana. Hii leo. Na hii?"

Ilikuwa ya kesho. Kila Jumatatu nilikuwa natia sahihi za wiki nzima ili Ijumaa niwahi kutoka. Mwandiko wangu mzuri, wenye mkia wa madaha, umejipanga na wake wiki saba kama maharusi.

"Dada, ganzi inaisha huku!" Daktari akaita.

Utaratibu akavuta droo, akatoa koleo jipya, bado limo kwenye boksi lake. Akanong'ona kwa upole ulionifanya nitamani kunawa masikio. "Huyo ni ndugu yako, mpe hili. Hao wa nje tutajua."

Wa nje walikuwa kumi na mmoja. Nilikuwa nimewatania wote asubuhi.

Nakiri, boksi nililishika. Lilikuwa jepesi. Kisha nikaliweka chini, nikabeba daftari, koleo chafu na kandambili, nikaingia navyo kwa daktari.

"Hakuna kilichochemshwa wiki saba," nikasema. "Yeye alipaka wino, mimi nikatia sahihi bila kuangalia."

Daktari aliangalia kandambili, kisha mikono yake. Akavua glavu polepole kama anayechuna ngozi.

Wifi akajifuta mate. Nilisubiri anipige dongo, nilikuwa nalihitaji. Akasema, kwa mdomo uliolala upande mmoja, "Nilimleta mama yako mwezi uliopita. Wewe ulisema hapa ni pasafi."

"Nilisema."

Daktari akatoka kuwaambia waliosubiri. Mimi nikakaa mapokezi na simu na orodha ya wagonjwa. Wino ulikataa kutoka hata kwa sabuni. Kila jina nililoligusa lilibaki na doa.

Jina la kwanza nililolipigia lilikuwa la mama.

"Mwanangu! Mbona mapema hivi? Una vituko gani leo?"

"Sina, mama," nikasema. "Unatakiwa ukapime damu. Kaa kwanza nikueleze nilichofanya."