Mikono ya Mangi

Saa nne ya asubuhi, Jumapili ya kwanza baada ya uhuru, Mangi alivaa kanzu iliyopigwa pasi, mkewe Bimkubwa akavaa buibui jipya, wakaenda kula hotelini Diani. Mangi alikuwa mpishi wa hoteli hiyo mwaka wa tisa, na siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa. Bimkubwa alitaka kuketi barazani aonje kile chakula cha Jumapili ambacho mumewe huwapikia wageni, kisicho cha asubuhi wala cha mchana.

Meneja, Mzungu mmoja mrefu, aliwasimamisha ngazini.

"Meza zimejaa," alisema.

Meza kumi na moja zilikuwa tupu. Juu ya moja alikuwako kunguru.

"Zimejaa nini?" aliuliza Bimkubwa.

"Mangi, mpeleke mama jikoni. Atapewa chai."

"Jiko ninalo kwangu," alisema Bimkubwa.

Walirudi kwa miguu. Njiani Bimkubwa alisema kuwa Jumapili watapika nyumbani, watakula saa hizo hizo, na kila apitaye ataitwa.

"Jumapili mimi niko kazini," alisema Mangi.

"Nenda. Nitapika."

Jumapili ikafika. Mangi alikuwa ameshaswali, anafunga koti la kazi, mikono ikamwacha kwenye kifungo cha tatu. Iliachana naye kwenye vifundo vya mikono, bila damu, ikashuka kitandani, ikatoka uani, ikanawa, ikaanza kukanda unga wa mahamri. Bimkubwa alimfungia mumewe vifungo vilivyobaki.

"Utachelewa," alimwambia.

Hotelini meneja alitazama ncha tupu za mikono ya koti.

"Mikono iko wapi?"

"Nyumbani."

"Inafanya nini huko?"

"Inapika."

Jumatatu mikono ilirudi na kufanya kazi vizuri. Jumapili ya pili ikabaki tena. Ya tatu, meneja akaifuata mwenyewe, Mangi nyuma yake.

Alikuta uani mikeka imetandikwa, mahamri yamejaa sinia, mbaazi zinachemka kwa tui. Wapita njia walikuwa wameketi, na Mbeyu, aliyekuwa akifua mashuka ya hoteli, alikuwa na bakuli la pili.

"Karibu," alisema Bimkubwa. "Huku kuna nafasi."

"Mletee kiti, shoga, asije akachafua suruali," alisema Mbeyu.

Meneja aliketi mkekani, akala mahamri manne. Kisha akafuta mdomo na kusema kuwa mikono ile Jumapili ni ya hoteli. Irudi leo, la sivyo Mangi asirudi kesho.

Mikono ilikuwa ikikamua nazi kwenye kifumbu. Ilisimama. Watu walimtazama Bimkubwa, lakini aliyejibu alikuwa Mangi.

"Mke wangu akipata meza barazani, itakuja."

"Hilo haliwezekani. Wageni watasemaje?"

"Basi na hili haliwezekani."

Mikono ikaendelea kukamua. Meneja alishukuru kwa chakula, akaondoka, na Mangi hakuwa na kazi tena. Jumatatu alianza kuuza chapati njia panda ya Ukunda. Mikono ilikwenda naye.

Hoteli iliajiri mpishi mwingine, Mwinga, kutoka Msambweni. Alikuwa kijana wa heshima asiyependa maneno. Baada ya miezi miwili alimleta mamake, amevaa leso mpya, wakasimama ngazini. Waliambiwa meza zimejaa.

Jumapili iliyofuata mlango wa ua wa Bimkubwa ulibishwa chini kabisa, karibu na ardhi. Alifungua. Kizingitini palikuwa na mikono miwili yenye vumbi, mmoja una kovu la kisu kwenye kidole gumba.

"Ya nani hiyo?" aliuliza Mbeyu.

"Ya mpishi mpya."

"Na mwenyewe?"

"Kazini."

Bimkubwa aliionyesha mikono birika la maji.

"Naweni kwanza," alisema. "Unga bado mwingi."

Kwenye sinia, mikono ya Mangi ilisogea kidogo upande wa kushoto.