Siku ya Kusoma Majina

Siku ya matokeo ya mtihani wa mwisho wa sekondari, mjini Nablus halali mtu, wala hamwachi mwenzake alale. Saa tatu asubuhi, Julai ile ya mwaka 1997, fataki zilikuwa zimeshaanza kulipuka huko Ras al-Ain, magari yanapiga honi mtaa kwa mtaa, na kila redio, ya kinyozi na ya muuza mboga, imefunguliwa mpaka mwisho. Nyingi zilikuwa zimefunguliwa kituo cha Sauti ya Bonde, na sababu yake ilikuwa mtangazaji wake, Rihab.

Rihab alijua kusoma majina. Kila jina alilipa haki yake, la mtoto, la baba na la ukoo, kisha alama, kisha akanyamaza kidogo ili mama mmoja mahali fulani apate nafasi ya kupiga vigelegele. Miaka mitano hakuwahi kuruka jina hata moja, na alipenda watu walijue hilo. Ndiyo maana asubuhi ile alianza kwa kutamba hewani.

"Na usipolisikia jina lako hapa, mpenzi msikilizaji, usiilaumu redio. Vilaumu vitabu ulivyovifunga mapema."

Fathi, fundi mitambo, alicheka nyuma ya kioo. Mdomo huponza kichwa, lakini kichwa huwa cha mwisho kupata habari.

Karatasi zilikuwa mikononi mwa Baba Nizar, mwenye redio, aliyekuwa amesimama pembeni ya Rihab akimpa moja baada ya nyingine. Mkono mmoja ulishika karatasi, mwingine ulikuwa kwenye sinia. Baba mmoja mwenye haraka alikuwa ameleta kunafa ya moto, ule mkate mtamu wa jibini wenye rangi ya chungwa, inayochuruzika shira, kushukuru kabla hata mwanawe hajatajwa. Baba Nizar si mtu wa kukatisha tamaa wageni. Alikula kwa vidole, akavilamba, akampa Rihab karatasi, akala tena.

Walimaliza saa nne na nusu. Wa mwisho walikuwa watahiniwa wa kujitegemea, wale waliosomea majumbani: waliofeli wakarudia, wafungwa walioachiwa, watu wazima. Akifuata mpangilio wa herufi za Kiarabu, Rihab alimsoma Suhaila Anwar, asilimia sitini na nane, Fathi akaweka muziki, na simu zikaanza.

Simu za siku hiyo zina wazimu wake. Mmoja alitaka jina la mwanawe lirudiwe, safari hii aitwe Daktari, "maana ndiko anakokwenda." Mwingine alitaka watangaze kwamba mtoto wa kaka yake amefeli, ili kaka aache maringo. Halafu kulikuwa na waume wa salamu. Miaka mitano ya vipindi vya salamu, Rihab hakuwahi kumsikia mwanamume wa mji ule akitaja jina la mkewe hewani. Ni "mama watoto," ni "watu wa nyumbani," na mmoja ambaye Rihab alimbana sana amtaje, alikata simu.

"Kuna mama mmoja kaganda kwenye simu," Fathi alisema. "Hii ya tatu. Anasema hujamaliza kusoma. Jina ni Wisal Dhib Hantuli."

Rihab alichukua simu mwenyewe. "Mama, pole. Kama binti hakusikika, basi mwakani."

"Binti gani? Binti yangu ana watoto wawili. Wisal ni mimi."

Rihab alimtazama Fathi. Fathi akaziba mdomo.

"Basi pole, mama. Vitabu..."

"Vitabu vyangu sikuvifunga! Nilivisomea jikoni miaka mitatu! Umesimama kwenye herufi ya sini, binti yangu. Sini, na yangu ni wau, karibu na mwisho! Yaani Nablus nzima, sisi wenye majina ya herufi za nyuma wote ni vichwa maji?"

"Gazeti linatoka kesho, mama. Utaangalia." Akaweka simu chini. Ilimkera, na kilichomkera zaidi hakukijua bado.

Nusu saa baadaye mlango wa chini ulisikika ukigongwa, kisha ndara zikipanda ghorofa tatu kwa hasira. Aliingia mwanamke mnene wa miaka arobaini na kitu, mtandio umekaa upande, aproni bado imefungwa kiunoni, mikono inanuka kitunguu.

"Nani kati yenu ndiye Rihab?"

"Mama, hapa ni studio," Baba Nizar alisema. "Haingiwi ovyo ovyo."

"Basi nitoe. Nishike unitoe, tuone." Baba Nizar akarudi nyuma hatua moja. Wisal akamgeukia Rihab. "Sikiliza, mwanangu. Mimi mtaani kwetu wananiita Profesa, na si kwa heshima. Nikipita dukani wanasema, Profesa, nyanya hizi ni hesabu au kemia? Leo wote wamekaa pale kwenye redio ya duka, na mume wangu Baba Khalil katikati yao. Alishaniambia, jina lisiposomwa, vitabu naviuza kwa muuza karanga afungie karanga. Ukamaliza kusoma. Na ulishasema maneno yako yale ya vitabu vilivyofungwa. Walivyocheka nilisikia mpaka jikoni."

Rihab alisikia uso ukimchoma. Ilikuwa aibu, na aliijua kuwa ni aibu.

"Gazeti la kesho..." alianza, sauti imepungua.

"Gazeti nitalisoma mimi peke yangu! Kucheka walicheka wakisikiliza. Na wasikie."

Rihab alichukua rundo la karatasi kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Aliyafungua majani ya mwisho. Ukurasa wa Suhaila ulikuwa mzito. Akaupapasa kwa kidole gumba, kona ya chini ikagoma. Palikuwa na alama ya kidole hapo, ya rangi ya chungwa, inayonata. Aliinusa. Ilinukia samli na maji ya mawaridi.

"Baba Nizar," alisema polepole, "umelamba vidole vyote au umebakiza?"

Alitia ukucha, akaachanisha taratibu. Nyuma ya ukurasa wa Suhaila ulijitokeza mwingine, umejaa majina juu mpaka chini.

Fathi aliinuka nyuma ya kioo. Wisal alijishika kifua.

Baba Nizar ndiye aliyewahi kupata akili, na akili yenyewe ilikuwa ya biashara. "Tulia, tulia. Wale wa redio ya ng'ambo ya barabara wakisikia tumekosea watatucheka mwaka mzima. Mwangalizie mama alama yake hapa hapa, kimya kimya, aende kwake. Wengine watasoma gazeti."

"Kimya kimya nilikaa miaka mitatu," Wisal alisema.

Rihab alikuwa tayari ameshavaa vipokea sauti. Alifunika ukurasa kwa kiganja. Jina la Wisal, kama lipo, litakuwa chini kabisa, na hakutaka kuangalia. Angekuta halipo, asingeweza kuyasoma haya mengine yote na mama yule amesimama mbele yake.

"Fathi, kata muziki."

"Rihab!" Baba Nizar alifoka.

"Kata!"

Taa nyekundu ikawaka.

"Ndugu wasikilizaji, huyu ni Rihab. Asubuhi nilisema msipolisikia jina msiilaumu redio. Ilaumuni. Kurasa mbili zilishikamana, na mimi nikafunga kazi bila kuhesabu. Naomba radhi kwa kila mmoja aliyechekwa leo kwa ajili ya ulimi wangu. Tunaendelea, watahiniwa wa kujitegemea."

Akasogeza kiganja mstari mmoja.

"Shadi Rasim Duwaikat, sitini na tatu." Chini barabarani mtu alipiga yowe. "Salih Munir, hamsini na tisa. Aisha Yaqub, themanini!" Hakuweza kuizuia sauti isipande, na hakujaribu. Simu zote mbili zililia pamoja. "Ghada. Faris. Lubna." Kila jina alilipa haki yake, na kila mara kiganja kiliteremka mstari mmoja. Wisal alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, akifuata herufi moja moja. "Muntaha. Nahla. Hiyam Jawad, sabini na mbili."

Ilibaki mistari miwili. Rihab akainua mkono.

Akanyamaza. Watu waliokuwa wakisikiliza siku ile wanaapa alinyamaza dakika nzima, lakini watu wa Nablus hutia chumvi.

"Wisal Dhib Hantuli," alisema, na sauti ilimkatika katikati, akaanza upya kwa nguvu zaidi. "Wisal! Dhib! Hantuli! Asilimia sabini na moja!"

Vigelegele alivyovipiga Wisal vilirusha sindano za mitambo mpaka mwisho, na Fathi hakupunguza sauti. Baba Nizar, aliyekuwa amekasirika, alijikuta anapiga makofi. Rihab alimsoma Yusra wa mstari wa mwisho huku anacheka na kulia, akamkumbatia yule mama, vitunguu na aproni na yote.

"Simu," Fathi alisema kwenye kipaza sauti cha ndani. "Mwanamume. Anang'ang'ania hewani, anatukana. Nimkate?"

"Leo hatukati mtu. Mlete."

Sauti nzito ilijaa studio. "Nyinyi watu mna akili? Mmemsomaje mtu wa sabini na moja saa tano, na wenzake mmewasoma saa tatu?"

"Tumeomba radhi, mzee. Una salamu?"

"Ninazo."

"Kwa nani?"

Nyuma yake zilisikika sauti za dukani, mtu akicheka, kisha kicheko kikafa. Rihab alisubiri ile "mama watoto."

"Kwa Wisal," yule mwanamume alisema. "Wisal binti Dhib. Mke wangu. Mmesikia, nyie mnaocheka? Wisal!"

Wisal aliweka mkono mdomoni. Halafu alikivuta kipaza sauti bila kumwomba mtu ruhusa.

"Baba Khalil! Nimeacha sufuria ya majani ya mzabibu ya kufungia wali jikoni, na moto unawaka!"

"Yameungua zamani, harufu imefika mpaka dukani," mumewe alijibu, Nablus nzima ikisikiliza. "Yaache yaungue, Wisal. Njoo nyumbani."