Pointi ya Muthoka

Mwenyekiti Waweru alipokuja dukani kwangu kuniomba niandike historia ya Miiba, timu yetu ya mpira wa kikapu, nilimwambia historia ya timu hii haijazi hata karatasi moja, na nusu yake ni aibu. Akacheka. Alidhani natania. Nina duka la fotokopi hapa Thika, na kwa miaka ishirini na moja nimekuwa karani wa meza: yule mwanamke anayeketi kando ya uwanja na kalamu, akiandika kila kikapu kinachoingia na kila kosa linalopigiwa filimbi. Wachezaji wamezeeka, makocha wamefukuzwa, mimi bado nipo.

"Wewe ndio unajua kila kitu, Warigia," akasema. "Andika kijitabu cha page mbili tu, uprint, halafu usome kwa maiki Jumamosi kabla tucheze na Ruiru. Lakini iwe tamu. Watu wacheke kidogo."

Haya, historia yenyewe ni hii. Timu ilianzishwa 2004 na vijana walioachishwa kazi kiwandani, waliochoka kukaa bure mtaani Kiganjo. Wakaiita Miiba kwa sababu ya majani makali ya mananasi ya mashamba ya hapa, na kwa miaka mitatu ya kwanza hatukumchoma mtu. Mwaka 2007 tukaingia mchujo, tukatolewa robo fainali kwa tofauti ya pointi arobaini na moja. Mwaka 2009 tukafika nusu fainali, lakini mtu wetu mrefu kuliko wote, Muriithi, alikuwa anaoa Jumamosi hiyo hiyo na akakataa katakata kusogeza tarehe. Tukafungwa. Harusi ile ilivunjika baada ya miezi minane, na mimi sikumpa pole.

Kisha ukaja mwaka 2012. Nusu fainali tena, dhidi ya Ruiru Mawe, kwao Ruiru. Kila upande ulitoa karani mmoja: wa kwao alishika saa, mimi nikaandika alama. Kulikuwa na kijana wa kugeuza kadi za namba ukutani, na yeye alifuata nilichoandika mimi.

Nyota wetu alikuwa Muthoka. Mkamba, kwao ni upande ule wa mashariki mwa Thika, mtu mpole hadi anakera. Siku hiyo Ruiru hawakuweza kumshika. Mwisho karatasi yangu ilisema Ruiru sabini, Miiba sitini na tisa, saa imeisha, na Muthoka amechezewa vibaya, ana mitupo huru miwili. Mtupo wa kwanza ukaingia. Sabini kwa sabini. Akipata wa pili, tuko fainali. Wa pili ukagonga chuma ukatoka nje. Tukaenda muda wa ziada, na huko tukafa kwa pointi tisa.

Thika haina huruma, na mimi ni mtoto wa Thika. Kabla ya wiki kuisha Muthoka alikuwa na jina jipya: Moja Tu. Watoto walimwitia njiani. Wakubwa wakasema amenunuliwa na Ruiru. Wengine wakasema mambo kuhusu Wakamba ambayo wasingeyasema kanisani. Klabu moja kubwa ya Nairobi ilikuwa imeahidi kumchukua, ikaacha kupokea simu zake. Miaka miwili baadaye alimzika mama yake. Nilikuwepo. Alipoinama kuchukua mchanga ili autupe kaburini, mtu nyuma yangu akasema kwa sauti, "Usikose!" Watu wakacheka. Mimi nilificha mdomo kwa leso, lakini nilicheka.

Na mimi ndiye sikupaswa kucheka kabisa, kwa sababu kufikia siku hiyo nilikuwa najua.

Katika robo ya tatu ya mechi ile, Muthoka alirusha mpira kutoka mbali, nje ya mstari, ukaingia bila kugusa chuma. Karani wa meza hashangilii. Hata timu iwe ya mumewe, anakaa, anamtazama refa, anaandika. Mimi niliruka. Nilisimama nikapiga kelele, "Miiba! Miiba!" hadi yule wa Ruiru mwenye saa akanivuta nguo, "Mama, keti chini, hii si crusade ya kanisa." Nikaketi nimelewa furaha, sikuwa nimemtazama refa, nikaandika mbili.

Muthoka alipita karibu na meza akirudi nyuma kulinda. "Warigia, hiyo ni tatu. Umeandika?"

"Nimeandika," nikasema. "Rudi ucheze."

Siku mbili baadaye mpiga picha wa harusi aliyekuwa amerekodi mechi alileta kazi yake dukani nimtolee diski. Nikaitazama. Refa alikuwa ameinua mikono yote miwili juu, wazi, kila kiganja na vidole vitatu. Ilikuwa tatu. Maana yake kabla ya ile mitupo huru tulikuwa na sabini, si sitini na tisa. Maana yake ule mtupo wa kwanza, ule ulioingia, ulikuwa umetupeleka fainali. Muda wa ziada haukupaswa kuwepo. Nilimwambia mpiga picha kwamba faili zake zimeharibika, nikafungia diski moja kwenye droo, pamoja na nakala ya manjano ya karatasi ya alama. Muda wa rufaa ulikuwa umepita, nikajiambia. Na ningesema, ningenyang'anywa ile kalamu. Sina mume, sina mtoto. Nina duka na ile meza.

Timu ikashuka daraja, ikapanda, ikashuka tena. Miaka kumi na mitatu hatukuonja mchujo. Mwaka huu tukaingia, na nusu fainali ikatupa Ruiru Mawe, safari hii kwetu Kiganjo. Ndipo Waweru akaja na ombi lake la kijitabu, na kabla hajaondoka akanipa la pili.

"Half-time tutamleta Moja Tu. Tumpe mpira arushe ile free throw alikosa. Si itakuwa poa?"

"Amekubali?"

"Amekubali haraka sana. Hata nimeshangaa."

Mimi sikushangaa tu, niliogopa. Kesho yake nikafunga duka mapema, nikapanda bodaboda hadi Kalimoni, ambako Muthoka anaziba pancha kando ya barabara. Alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni la maji, akizungusha tyubu, akitafuta mapovu. Amenenepa kiuno, na mikono ile mirefu imejaa grisi. Akanipa kibao nikae.

"Muthoka, usikuje Jumamosi," nikasema. "Wanataka kukucheka."

"Wananicheka kila siku. Hiyo si habari."

"Basi mbona umekubali?"

Akaendelea kuzungusha tyubu. "Nimesikia wewe ndio unasoma history."

Nikajifanya natazama barabara.

"Ishirini na nne," akasema. "Hizo ndizo pointi zangu siku ile. Gazeti likaandika ishirini na tatu. Mchezaji anajua zake, Warigia. Nilijua hiyo wiki. Nilikuuliza na ukaniambia umeandika."

Nilitaka kukataa. Maneno nilikuwa nayo tayari, nimeyatunza miaka yote hiyo. Nilimtazama usoni nikayakosa. "Na mbona hukusema?"

"Ningesemea nani? Mkamba amekosa free throw, halafu aseme ati alikuwa ameshinda? Wangenicheka mara mbili. Hiyo ilikuwa ya kusema wewe. Mimi nikangoja." Mapovu yakatokea, akapaweka alama kwa chaki. "Ningengoja tu hata sasa. Lakini binti yangu Nduku ameanza kucheza basket shuleni. Ako form two. Juzi alikosa free throw wakamwita Moja Tu. Hajawahi niuliza kitu juu ya hiyo mechi, lakini siku hiyo aliniuliza, 'Baba, kwani tuko hivyo?'"

Nikaanza kusema pole.

"Sitaki pole yako," akasema. "Sitaki ufukuzwe. Weka laini moja tu kwa hiyo history. Sema ile ilikuwa tatu. Nitakuja na yeye, akae mbele, asikie."

"Nitasema."

"Apa."

"Haki ya Mungu, Muthoka."

Na nilimaanisha. Nilirudi dukani nikaandika: *Alama ya Muthoka ya robo ya tatu ilikuwa pointi tatu, karani akaandika mbili. Miiba walishinda mechi ile.* Nikaitazama nikaona ni sentensi fupi ajabu kwa kitu kilichokaa drooni miaka kumi na mitatu. Kisha nikachapa kijitabu mara mbili, kimoja chenye sentensi hiyo na kimoja bila, nikatia kila kimoja kwenye bahasha yake. Nilijidanganya kwamba cha pili ni cha akiba.

Jumamosi Kiganjo yote ilikuwa uwanjani. Ruiru walikuja na ngoma na vuvuzela. Muthoka aliketi safu ya mbele, shati limepigwa pasi, na kando yake msichana mrefu wa sare ya shule, magoti yamepanda juu kwa sababu viti vilikuwa vifupi. Alikuwa akinitazama mimi. Bila shaka babake alikuwa amemwambia kuna kitu cha kusikiliza.

Nikasimama na maiki, bahasha mbili chini ya kwapa. Sijafungua mdomo, Waweru akaninyang'anya maiki. "Kabla Warigia asome, kuna surprise!" Mzee mmoja wa ligi akatokea na kibao cha mbao kinachong'aa, jina langu limechongwa. Chini yake: *Miaka Ishirini na Moja Mezani Bila Kosa.* Uwanja mzima ukasimama. Hata Ruiru walipiga makofi. Sijawahi kupigiwa makofi maishani mwangu, wala siku ya kuhitimu, wala siku yoyote. Nilikikumbatia kibao kile kifuani, na mkono wangu ukatoa bahasha ya pili, ile ya akiba.

Nikasoma vizuri. Watu walicheka kwenye majani ya mananasi, wakacheka sana kwenye harusi ya Muriithi. Nikafika 2012. "Mtupo wa kwanza ukaingia," nikasoma, "na wa pili... wa pili mnaujua." Kicheko kikapanda kama moto wa nyasi. Sikumtazama Muthoka. Nilimwona Nduku tu, kwa pembe ya jicho, akimgeukia babake.

Mapumziko yakafika. Wakaweka wimbo wa sarakasi. "Moja Tu! Moja Tu!" Nilidhani atakuwa ameondoka, na nilimwomba Mungu awe ameondoka. Lakini alisimama, akavua viatu vyake vya kuvalia kanisani, akaenda kwenye mstari na soksi. Hakupungia mtu mkono. Akadunda mpira mara tatu, kama zamani, akarusha. Ukaingia bila kugusa hata chuma.

"Umechelewa miaka kumi na tatu!" mtu akapiga kelele, na watu wakaangua kicheko, wengine hadi machozi.

Muthoka hakurudi kwenye kiti. Alikuja moja kwa moja mezani kwangu, na Nduku akainuka akamfuata, viatu vya babake mkononi. Wakasimama mbele yangu. Kibao changu kilikuwa hapo mezani, kati yetu.

"Warigia," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Hiyo umeandika?"

Waliokuwa karibu wakapasuka mbavu. Waweru alipiga meza kwa furaha, "Ngai! Ati umeandika!" Wakanigeukia wote, wakingoja nijibu, maana mimi ni mtu wa maneno. Nduku peke yake hakucheka. Alikuwa amenikazia macho, mtoto wa watu, bado ananipa nafasi.

Mbele yangu karatasi ilikuwa safi upande wa nusu ya pili. Mapumzikoni hakuna kinachoandikwa.

"Nimeandika, Muthoka," nikasema kwa sauti ya kusikika, nikacheka pamoja nao. "Rudi ukae."