Pale Viganja Viliporudi

Ndara za mgeni zilikuwa zimepangwa mlangoni kwa adabu, ncha zikielekea nje. Fumie alizitazama, kisha akazipiga teke. Moja ikalala kifudifudi kando ya mwavuli wa baba yake.

Mchana huo daktari alikuwa amempigia simu kwenye duka la dawa la hospitali, alikofanya kazi ya ufamasia. Baba yako, Mzee Kuwabara, amefuta upasuaji wake. Anasema vidonda vya tumbo havimtishi. Amepata wa kumwekea mikono.

Baba yake alilala chali kwenye godoro la sakafuni, amefumba macho. Bi Kinu, mjane wa mtaa wa pili aliyetibu kwa reiki, tiba ya kuwekea mikono, alipiga magoti ubavuni pake, viganja vimetulia chini kidogo ya chembe cha moyo. Havikukanda wala kubonyeza. Utulivu huo ndio uliomchemsha Fumie damu.

"Bi Kinu, naomba tuzungumze jikoni."

"Usimfokee mgeni," baba yake akasema bila kufumbua macho. "Nyayo zako zimeshamfokea."

Jikoni, Fumie hakugusa hata birika.

"Unamuua baba yangu."

"Polepole, mwanangu. Kuta hizi ni za karatasi."

"Usiniite mwanangu! Unampapasa mgonjwa, unamvisha kilemba cha ukoka, naye anakimbia kisu cha daktari. Hilo joto la viganja vyako ni damu tu. Hata paka analo."

"Paka wangu analo kunizidi," Bi Kinu akasema. "Mimi sijamwahidi kupona. Namtuliza apate usingizi, basi. Siku ya kwanza nilimwambia, nenda hospitali. Juzi nikamwambia tena."

"Akasemaje?"

"Akacheka. 'Vidonda tu hivi, Bi Kinu. Binti yangu mwenyewe kasema, na binti yangu ni mtu wa dawa, hajui kudanganya.'" Mjane akamkazia macho. "Viganja vyangu kila siku vinarudi pale pale. Majina ya magonjwa siyajui, lakini nimemuuguza mume mpaka mwisho. Nani alimwambia ni vidonda?"



Daktari ndiye aliyeshauri, kama walivyoshauri madaktari wote wa miaka ile: saratani huambiwa jamaa, mgonjwa hupewa jina jepesi. Fumie aliiona kuwa ndiyo heshima. Yeye aliyesoma majibu ya vipimo ndiye aliyechagua neno, akilipima kama anavyopima unga wa dawa, lilingane na maumivu na vidonge. Lakini mtu mwenye vidonda tu apasuliwe kwa nini? Baba yake alikuwa amefikiri sawasawa kwa yale aliyoambiwa.

Hasira haikumtoka. Iligeuka upande tu, na upande huo hakuweza kuufungia mlango.

Bi Kinu alipofika kizingitini aliiinua ndara iliyopinduka, akaifuta kwa mkono wa kimono, akaivaa. Hakuuliza kitu. "Sitarudi," alisema, akiinama kuaga, "mpaka aniite mwenyewe, naye anajua anachoniitia."

Fumie akarudi chumbani, akapiga magoti pale alipokuwa mjane. Mkeka ulikuwa bado una joto. Akaweka kiganja chake mahali palepale, akausikia mwili wa baba yake ukijikaza.

"Barafu hii," mzee akasema. "Umemfukuza?"

"Ameondoka mwenyewe."

"Mkono wake ulikuwa haubanduki hapo." Akaufunika mkono wa binti yake kwa wake, akaukandamiza. "Wako unatetemeka. Tangu lini vidonda vikamtetemesha mfamasia?"

Nje, muuza tofu, jibini la soya, akapuliza baragumu lake mara moja, akanyamaza kusubiri wateja.

"Baba," Fumie akasema, wala hakuuondoa mkono.