Kava Gumu la Simu ya Marehemu

Jumanne, tarehe 11 Machi, saa nne asubuhi, shimo la dhahabu lilititia Masumbwe likamfukia mke wa Magesa. Simu yake ilifukuliwa ikiwa bado inawaka. Yeye alifukuliwa maiti.

Sasa Magesa alikuwa dukani Ngokolo akichagua kava.

"Baba Violeth, chukua hili la maua," muuzaji Nelly alimtania. "Au waogopa kuchekwa?"

"Nipe gumu kuliko yote. Kamati ya kuchunguza ajali ikiniita, simu hii iwe nzima. Wakubwa wa mgodi wanaapa eti hawakuonywa."

Akamwonyesha picha ya ufa wa shimo, ambayo marehemu alimtumia msimamizi saa mbili asubuhi ileile. Nelly aliona tiki mbili za buluu, na muda wa kusomwa: saa mbili na dakika moja. Kicheko kikamkauka.

"Mbona msimamizi aliiona palepale! Sasa saa mbili zote hizo alikuwa anangoja nini?"